Vyandarua Tulivyovikunja Mapema



Leo tumependa tuzungumze nanyi juu ya mdudu mdogo ambaye kila mmoja wetu anamjua, tena kila mmoja anadhani anamjua vya kutosha. Naye ni mbu. Sisi pia tulidhani hivyo mpaka mwaka 2019, pale safari moja ya likizo ilipotuonyesha kuwa tulikuwa tukimwogopa mbu wa ugenini huku tukimsahau wa nyumbani kwetu. Hatuandiki haya kwa kujisifu, maana humu ndani hamna la kujisifia. Tunaandika ili familia nyingine isirudie kosa letu, na wanafunzi walioko mabwenini wapate faida.

Safari ya kwa Bibi

Sisi tunakaa Buyenzi, mjini Bujumbura, mtaa ambao Kiswahili na adhana vimezoeana tangu enzi za wazee wetu. Mama wa nyumba hii kwao ni Makunduchi, kusini mwa Unguja, na huko ndiko aliko Bibi, mama yake mzazi. Tuna watoto watatu: kijana ambaye wakati huo alikuwa na miaka 11, binti wa miaka 7, na mdogo wao wa miaka 3 ambaye Bibi alikuwa hajamtia machoni. Shule zilipokaribia kufungwa mwaka ule tuliazimia kwenda kuunga udugu, in shaa Allah.

Kila tuliyemwambia habari za safari alitupa nasaha yake. Mmoja alisema kisiwani kuna unyevu, na penye unyevu pana mbu. Mwingine alituonya juu ya homa ya dengue Dar es Salaam, na kweli mwaka huo wa 2019 dengue iliwasumbua sana watu wa Dar es Salaam. Basi tukajiandaa. Tulinunua mafuta ya kufukuza mbu, tukanunua soksi za watoto, na siku kumi kabla ya kuondoka tukashusha vyandarua vyetu vyote vitatu, tukavifua, tukavikausha, tukavikunja vizuri na kuvitia chini kabisa ya begi kubwa ili visije vikasahaulika. Tulijiona watu wa mipango kweli kweli.

Na watoto je? Watoto walilala siku kumi zile bila chandarua. Tuliambizana, "Ni siku chache tu, tena mvua zimekwisha." Tumeishi na malaria Burundi miaka yote. Tuliiona mwaka 2017 serikali ilipoitangaza kuwa ni janga, tukapanga foleni na watoto mgongoni kama wazazi wengine. Lakini adui wa kila siku humzoea, na ukishamzoea humwoni tena. Hofu yetu yote ilikuwa kwa mbu wa Unguja.

Tuliondoka Jumatatu kwa basi, tukavuka mpaka wa Kobero, tukaingia Tanzania, na Jumatano usiku tukafika Dar es Salaam tukiwa hoi. Usiku ule tuliwapaka watoto mafuta mpaka wakalalamikia harufu. Alkhamisi tukapanda boti, na jioni tukawa kwa Bibi.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba wajukuu zangu. Karibuni kwenu. Hebu nimuone huyu mdogo, njoo kwa bibi yako."

Neno lililomuumiza Bibi

Hapa ndipo aibu yetu inapoanza. Jioni ile ile, baada ya Magharibi, baba wa nyumba hii alichukua tochi akazunguka uani. Akamulika pipa la maji, akamulika vifuu vya nazi vilivyorundikwa karibu na jiko, akaenda mpaka chooni. Aliporudi akasema kwa heshima, lakini kwa sauti ya mtu anayejua, "Mama, hapa ndipo mbu wanapozaliana."

Bibi akatabasamu. "Mbu tunao, mwanangu. Lakini malaria hapa hatujaiona siku nyingi."

Sisi tulidhani ni mapenzi tu ya mtu kwa kijiji chake.

Jumapili usiku binti yetu akaanza kutetemeka. Mwili ulikuwa moto, kichwa kinauma, na chakula chote cha usiku akakitapika. Tulikesha naye tukimfuta maji na kumwombea dua. Asubuhi tulimpeleka kituo cha afya. Muuguzi hakutuuliza kwanza amekula nini. Aliuliza, "Katika mwezi huu mmoja mmesafiri? Mmetoka wapi?" Akamchoma kidole, akaweka tone la damu kwenye kile kipimo cha haraka, na baada ya dakika chache mistari miwili ikaonekana. Ni malaria.

Alhamdulillah, dawa mseto zilikuwapo na binti akaanza dozi ya siku tatu pale pale. Muuguzi akaandika majina yetu, akatuma taarifa kwa simu, akatuambia mtu wa malaria wa wilaya atafika nyumbani. Tulishangaa. Kwetu mtoto mmoja kuwa na malaria si habari ya kumtolea mtu ofisini.

Tulipofika nyumbani majirani walikuja kumjulia hali mgonjwa, kama ilivyo ada. Na mmoja wetu, mbele za watu, akasema, "Ni mbu wa huku. Nilisema tangu siku ya kwanza."

Bibi hakujibu kitu. Alfajiri ya siku ya pili tulipoamka kuswali tulikuta pipa lake liko tupu, limeegemezwa ukutani. Alikuwa amemwaga maji yote. Anayejua Makunduchi anajua kuwa ni ardhi ya mawe ya matumbawe, maji yake ni ya tabu na ndoo moja ina thamani. Pipa lile lilikuwa la siku kadhaa. Alilimwaga kwa neno letu.

Hesabu ya siku

Siku hiyo hiyo mtu wa malaria alifika kwa pikipiki. Alikuwa kijana mwenye adabu. Alisalimia, akakaa kwenye baraza, akatoa daftari, akatuuliza tuliondoka lini Bujumbura. Jumatatu. Homa imeanza lini? Jumapili usiku. Akahesabu kwa vidole mbele yetu: siku sita.

Kisha akatueleza kwa upole. Mbu mwenye malaria akimng'ata mtu, vijidudu huingia kwanza kwenye ini, vikaongezeka huko kimya kimya, na ndipo vinapotoka kuingia kwenye damu. Tangu kung'atwa mpaka homa kuanza hupita siku 7 au zaidi, na mara nyingi ni kati ya siku 9 na 14. Kwa hiyo mbu aliyemng'ata binti yetu si wa Unguja, wala si wa njiani. Ni wa Buyenzi, na amemng'ata kabla hatujapanda basi.

Kila mmoja wetu alikuwa akijua jibu kabla hajamaliza. Zilikuwa zile siku kumi, na vyandarua vilikuwa ndani ya begi.

Akaomba ruhusa ya kumpima kila aliyelala nyumba ile. Bibi salama. Sisi wawili salama. Mdogo salama. Kijana wetu mkubwa, aliyekuwa akicheza mpira na watoto wa jirani kila jioni, anayekula vizuri na hana hata mafua, kipimo chake kilionyesha mistari miwili.

Hilo lilitutisha kuliko homa ya binti. Yule mtumishi alitueleza kuwa mtu aliyekulia penye malaria nyingi na kuugua mara kwa mara, mwili wake hufikia kuvizoea vijidudu kiasi, akatembea navyo bila kuumwa. Mbu wa kisiwani akimng'ata mtu kama huyo huvichukua, na baada ya wiki moja hadi mbili humpelekea mwingine. Na huyo mwingine ni nani? Ukuta kwa ukuta na Bibi palikuwa na mama mjamzito. Watoto waliokuwa wakicheza mpira na kijana wetu walikuwa hawajawahi kuugua malaria maishani mwao, na miili yao haina kinga hata kidogo. Kwao ugonjwa huu ni kama moto kwenye nyasi kavu.

Basi tulikuwa tumekuja na begi la vyandarua kujikinga na kisiwa, kumbe kisiwa ndicho kilichohitaji kukingwa na sisi.

Mtumishi yule alipoondoka, baba wa nyumba hii alikwenda kwa Bibi jikoni, akakaa chini. "Mama, nisamehe. Nimekudhania vibaya, tena mbele za watu." Bibi akaendelea kukuna nazi yake, kisha akasema, "Maji yatatekwa mengine, mwanangu. Mtoto hatekwi kisimani. Mshukuruni Mungu amepata dawa." Jioni tukabeba ndoo, sote pamoja na kijana wetu aliyekwishaanza dawa, tukalijaza pipa. Safari hii tulilifunika, na wazo la kifuniko lilikuwa la Bibi mwenyewe. Na wale majirani waliolisikia neno la kwanza, tuliwapitia mmoja mmoja wakalisikia na la pili.

Kisiwa kimefikaje hapo

Tulipotulia tulianza kuuliza, kwa nini kituo kidogo cha afya kishughulike hivyo kwa malaria ya mtoto mmoja? Tukajua kuwa visiwa hivi vimekwishaonja kushinda na vikaonja kushindwa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi mwaka 1968 Unguja na Pemba zilikuwa katika kampeni ya dunia ya kuimaliza malaria, nyumba zikipulizwa dawa kwenye kuta. Malaria ilishuka sana. Kampeni ikasimama, watu wakadhani yamekwisha, na malaria ikarudi.

Mara ya pili ilianza mwaka 2003 kwa dawa mseto kutolewa bure, kisha vyandarua vyenye dawa kwa wajawazito na watoto wadogo, na kuanzia mwaka 2006 upulizaji wa dawa majumbani. Ndani ya miaka michache watu waliokutwa na vijidudu vya malaria kwenye damu wakawa chini ya mmoja katika kila 100. Tangu hapo wagonjwa wengi wanaopatikana huwa wamesafiri, hasa kutoka bara, na ndiyo maana ya lile swali la muuguzi. Lakini mbu hawajahama kisiwani. Mwishoni mwa mwaka 2023 wagonjwa waliongezeka tena Unguja. Mlango ukiachwa wazi kidogo tu, malaria huingia.

Makunduchi penyewe pana kisa chake, na tulikisikia kwa Bibi. Alikumbuka watu waliokuja kumimina chembe nyeupe, nyepesi kama pamba, ndani ya vyoo vya mashimo. Hilo ni jambo la kweli na lilifanyika mwaka 1988. Zilikuwa chembe za ile plastiki nyeupe nyepesi inayofungiwa redio ndani ya maboksi. Zilielea juu ya maji ya chooni na kuyafunika, mbu wakakosa pa kutagia na viluwiluwi vyao vikakosa pa kupumulia. Pamoja na hilo watu walipewa dawa za kumeza za kuua minyoo ya matende. Na kuanzia mwaka 2001 visiwa vyote viwili viligawiwa dawa za matende kwa watu wote, mwaka baada ya mwaka. Kwa hiyo mama tuliyemfundisha kwa tochi habari za mbu wa chooni alikuwa amekwishayaona hayo miaka thelathini kabla yetu.

Mbu si mmoja, wala saa yao si moja

Faida kubwa tuliyorudi nayo ni hii, nasi tunaomba wanafunzi waishike: kusema "mbu" haitoshi. Katika visiwa vya pwani yetu wako wa aina tatu ambao ni muhimu kuwajua, na wanaong'ata ni majike tu, kwa kuwa wanahitaji damu ili kutengeneza mayai.

Wa kwanza ni anofelesi, mbu wa malaria. Hupenda maji yaliyotulia na yasiyo machafu sana, kama madimbwi ya mvua na mashamba ya mpunga. Hung'ata usiku, kuanzia jua linapozama mpaka alfajiri. Zamani wengi wao walifuata watu ndani ya nyumba, lakini baada ya vyandarua na dawa za ukutani, waliobaki Unguja wengi wao hung'ata nje. Kwa hiyo zile saa za barazani baina ya Magharibi na Isha zinahitaji hadhari ya peke yake.

Wa pili ni kuleksi, mbu wa chooni na mitaroni. Huyu ndiye anayetuimbia masikioni usiku, na ndiye mkubwa wa kueneza matende na mabusha katika pwani yetu. Maji machafu ndiyo kwao.

Wa tatu ni edesi, mweusi mwenye madoa meupe miguuni. Huyu ni wa mchana, na hushika kazi zaidi asubuhi baada ya jua kuchomoza na alasiri kabla halijazama. Hueneza dengue na chikungunya. Hutaga kwenye maji ya nyumbani: mapipa, ndoo, matairi, makopo na vifuu vya nazi. Mayai yake huweza kukaa makavu kwa miezi, yakingoja maji. Ukimwaga maji bila kusugua chombo, mayai yamebaki ukutani mwa chombo.

Na misimu yao

Wazee wa Unguja huugawa mwaka kwa pepo na mvua. Kuna Kaskazi yenye joto, kisha Masika, mvua kubwa za mwezi wa Machi hadi Mei. Hufuata Kusi pamoja na baridi ya Kipupwe, halafu Vuli, mvua ndogo za Oktoba hadi Disemba. Katika joto la pwani yai la mbu huwa mbu mzima ndani ya siku zipatazo 7 hadi 14. Kwa hiyo mbu huzidi baada ya mvua kushika, na malaria hufuata nyuma yao kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana wagonjwa huweza kuendelea kuonekana mwezi wa Juni na Julai, wakati mgeni anaona anga safi na kudhani hatari imekwisha. Masika hupita, lakini kazi yake haijapita.

Na kiangazi je? Hapa ndipo wengi tunapokosea. Mwaka 2004 kisiwa cha Lamu, Kenya, kilipata mlipuko mkubwa wa chikungunya, na haukuja na mvua. Ulikuja baada ya ukame. Maji yalikuwa adimu, watu wakayahifadhi ndani ya nyumba kwa muda mrefu bila kuosha vyombo, na yule mbu wa mchana akapata makao. Mwaka uliofuata, 2005, ugonjwa ukawa Ngazija, na baadaye Réunion. Kwa hiyo ndugu zetu, masika mwangalie mbu wa madimbwini, na kiangazi mwangalie wa mapipani. Hakuna mwezi wa kupumzika kabisa.

Tunayoyafanya nyumbani siku hizi

Kwanza, chandarua hakishuki bila kurudi. Tunafua kimoja kimoja, asubuhi, kwa sabuni ya kipande na maji ya kawaida, bila dawa ya kung'arishia nguo. Tunakianika kivulini, kwa sababu jua kali huharibu dawa iliyomo, na ikifika Alasiri kiko juu ya kitanda. Tundu tunalishona siku ile ile. Chandarua chenye dawa ya kudumu hufanya kazi kiasi cha miaka mitatu, basi tumeandika mwaka kwa kalamu kwenye pindo. Tukisafiri, tunavishusha asubuhi ya safari.

Pili, Ijumaa baada ya kurudi msikitini ni saa ya kuzunguka uani. Watoto ndio wakaguzi, na hulipenda jambo hilo kweli kweli. Vifuu hugeuzwa au kuchomwa, makopo huzikwa, na pipa humwagwa na kusuguliwa ndani mara moja kwa wiki, kwa kuwa wiki moja haimtoshi edesi kumaliza makuzi yake. Mtume wetu (S.A.W.) alitufundisha kufunika vyombo usiku na kuwazuia watoto kutoka jioni inapoingia. Hatusemi kuwa mafundisho hayo yalikusudia mbu, hiyo ni elimu ya wenyewe wanazuoni. Tunasema tu kuwa nyumba inayofuata adabu hizo hupata na faida hii.

Tatu, mafuta ya kufukuza mbu. Yale yenye dawa iitwayo DEET yanafaa, lakini hayapakwi kwa mtoto mchanga chini ya miezi miwili, wala hayapakwi viganjani mwa watoto, maana watajipangusa machoni na mdomoni. Jambo moja hatukuwahi kulisoma mahali popote bali tulilijua kwa kuumwa: udhu huyaondoa. Uso, mikono mpaka viwiko na miguu, ndipo hasa mbu anapopenda, na ndipo tunapoosha. Kwa hiyo sisi hujipaka baada ya udhu wa Magharibi, na tukitawadha tena kwa Isha tunajipaka tena. Kanzu, buibui na soksi husaidia sana. Kivumbasi na mchaichai vina harufu nzuri na huwapunguza kwa muda mfupi, lakini visichukue nafasi ya chandarua.

Nne, msikitini na madrasa. Hodhi la udhu, makopo ya kutawadhia yaliyoachwa na maji kona ya ukuta, mtaro ulioziba: hivyo ni vyetu sote, na cha wote mara nyingi huwa hakina mwenyewe. Vijana wa madrasa wakipewa zamu, kazi hiyo haichukui nusu saa.

Tano, homa baada ya safari. Iwe mmekwenda kisiwani au mmetoka kisiwani, homa yoyote ndani ya mwezi mmoja ni ya kupimwa siku hiyo hiyo, na mwambieni muuguzi mlikotoka hata kama hakuuliza. Msianze kumeza dawa za malaria kwa kukisia. Kabla ya kupimwa parasetamoli inatosha kushusha homa. Epukeni aspirini na ibuprofeni, kwa sababu kama ni dengue dawa hizo huweza kuzidisha kutoka damu.

Kwa wanafunzi

Vijana wetu mlioko mabwenini, tunajua joto la bweni na tunajua maneno ya wenzenu, "Wewe mtoto mchanga, unalala na chandarua?" Kumbukeni kijana wetu aliyekuwa akicheza mpira bila homa. Chandarua chako hakikukingi wewe peke yako. Kama umebeba vijidudu bila kujua, kinamkinga na aliyelala kitanda cha pili. Na mnaporudi likizo visiwani kutoka bara, nendeni mkapime hata mkijiona wazima, kabla hamjakaa barazani na bibi zenu.

Mwenyezi Mungu (S.W.) amemtaja mbu katika Suratul Baqara, aya ya 26, kwamba Yeye haoni haya kupiga mfano hata kwa kiumbe kama huyo. Sisi tumekuwa tukiisoma aya hiyo tangu chuoni bila kufikiri sana. Leo tukiisoma tunakumbuka pipa tupu lililoegemezwa ukutani alfajiri.

Bibi yu hai mpaka leo, alhamdulillah. Tulirudi tena baada ya miaka mitatu. Safari hiyo tulipima wote watano kabla ya kupanda basi, na vyandarua vilikuwa vya mwisho kutoka ndani ya nyumba. Tulipofika, kabla ya chai, Bibi alimshika mkono binti yetu, aliyekwishakuwa mrefu kumshinda yeye, akampeleka uani kumwonyesha pipa na kifuniko chake. Kisha akamgeukia baba yao akacheka.

"Haya mwanangu, leta tochi yako ukague."